Utengamao Baada ya Kiharusi

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu. Mara nyingi mshipa huziba kwa donge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavujia ndani ya ubongo wenyewe. Seli za sehemu hiyo hufa ndani ya dakika au saa chache, na zikishakufa hazirudi. Kinachoweza kurudi ni kazi zilizokuwa zikiendeshwa na seli hizo: kutembea, kushika kikombe, kumeza, kutaja jina la mtoto. Sehemu za ubongo zilizosalia zinaweza kujifunza kuzibeba, lakini hazijifunzi mgonjwa akiwa amelala tu akisubiri. Huduma zinazowezesha kujifunza huko ndizo wizara ya afya ya Tanzania inazoziita utengamao, na ndani yake mna mazoezi ya viungo, mafunzo ya shughuli za kila siku, tiba ya usemi, ushauri nasaha na vifaa saidizi.

Madhara hufuata mahali palipoumia. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndiko yaliko makao ya lugha. Kwa hiyo aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi hupoteza pia uwezo wa kusema. Aliyeumia upande wa kulia wa ubongo hupooza kushoto, na pengine husema vizuri kabisa, jambo linalowafanya watu wa nyumbani wadhani akili yake imenusurika, kumbe ana matatizo ya aina nyingine yatakayoelezwa mbele. Kiharusi cha nyuma ya ubongo huweza kuacha nguvu za mikono na miguu zikiwa salama na bado mtu akashindwa kusimama kwa kukosa mizani.

Duniani watu wapatao milioni 12 hupata kiharusi kila mwaka. Afrika Mashariki ina takwimu zake, na sehemu kubwa zilitoka Tanzania. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia visa vya kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na visa vipya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kuandikwa popote. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa Hai ulionyesha jambo lingine lisilotajwa sana: zaidi ya nusu walikuwa wamefariki kabla ya miaka mitatu kwisha, na wengi wao hawakufia hospitalini katika siku za mwanzo bali baadaye, baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Ruhusa ya kutoka wodini huhesabiwa kuwa mwisho wa matibabu, ilhali kwa mgonjwa wa kiharusi sehemu ndefu ya matibabu ndiyo kwanza inaanza.

Watafiti waliozungumza na wakazi wa maeneo hayo mawili walikuta jambo la kushangaza kidogo. Dar es Salaam, penye hospitali kubwa kuliko zote nchini, ndiko watu wengi walikohusisha kiharusi na mashetani au uchawi na kuanzia kwa waganga wa jadi. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Wiki zinazopotea kwenye uganga ni zile zile ambazo ubongo huwa tayari zaidi kujipanga upya, na hasara hiyo haifidiki kirahisi.

Siku za kwanza wodini lengo ni kuzuia madhara ya ziada, na la kwanza kuangaliwa ni kumeza. Karibu nusu ya wagonjwa hushindwa kumeza sawasawa mwanzoni. Uji au maji yakipita njia isiyo yake huingia mapafuni na kuleta nimonia, mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa. Kwa hiyo mgonjwa hapaswi kupewa chochote kinywani, hata dawa, kabla muuguzi hajampima kwa vijiko vichache vya maji akiwa ameketi wima. Anayekohoa, anayebadilika sauti ikawa kama yenye maji, au anayebaki na chakula shavuni, hulishwa kwa mpira wa puani hadi awe salama. Ndugu wanaoleta chupa ya uji kwa upendo na kumnywesha mgonjwa akiwa amelala chali wanamweka hatarini bila kujua.

La pili ni mkao. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ama sivyo ngozi ya makalio, nyonga na visigino huanza kuoza. Mkono uliopooza hulazwa juu ya mto, vidole vikiwa vimenyooshwa. Bega la upande huo linahitaji uangalifu wa pekee: misuli inayolishikilia imelegea, na kumvuta mgonjwa kwa mkono huo ili kumwinua kitandani kunaweza kulitegua au kuleta maumivu yatakayodumu miezi. Mgonjwa huinuliwa kwa kushikwa kiwiliwili, si kwa kuvutwa mkono.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mgonjwa akiinuliwa mapema zaidi ndivyo atakavyopona zaidi. Jaribio kubwa lililoitwa AVERT, lililochapishwa 2015, liliichunguza imani hiyo kwa wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Waliotolewa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza hawakupata nafuu zaidi. Matokeo yao yalikuwa mabaya kidogo kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Siku hizi mgonjwa hukalishwa na kusimamishwa kwa vipindi vifupi hali yake ikishatulia, kwa kawaida baada ya siku ya kwanza, kisha muda huongezwa polepole.

Nafuu ya wiki za mwanzo hutokana kwa sehemu na uvimbe wa ubongo kupungua. Baada ya hapo kinachofanya kazi ni matumizi. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hili kwa nyani wadogo waliosababishiwa kiharusi kidogo katika eneo la ubongo linaloongoza mkono. Wale ambao hawakupewa mazoezi walipoteza hata sehemu ya eneo jirani lililokuwa zima. Waliofunzwa kuchokoa vipande vya chakula kutoka vishimo vidogo walilihifadhi eneo hilo, na kwa baadhi likapanuka. Kiungo kisichotumika, basi, hupoteza nafasi yake ubongoni, na nafasi hiyo huchukuliwa na viungo vingine.

Matumizi hayo lazima yawe mengi, na hapo ndipo huduma za hospitali, hata za nchi tajiri, hupungukiwa. Watafiti wa Marekani walioketi na kuhesabu mwaka 2009 walikuta kwamba katika kipindi kimoja cha tiba ya mkono mgonjwa hurudia kitendo chenye maana mara 32 tu kwa wastani. Katika majaribio ya wanyama yaliyoleta mabadiliko ubongoni, marudio yalikuwa mamia kwa siku. Mgonjwa anayekwenda kliniki mara moja kwa wiki, anyooshwe mkono kwa nusu saa na kurudishwa nyumbani kukaa, hajafanya mazoezi. Kliniki ni mahali pa kufundishwa na kukaguliwa. Mazoezi yenyewe hufanyika nyumbani, kila siku.

Kwa mguu, zoezi lenye faida kubwa ni rahisi kuliko linavyodhaniwa: kusimama kutoka kwenye kiti na kuketi tena, uzito ukigawanywa sawa kwenye miguu yote miwili. Wagonjwa wengi huegemea mguu mzima, na mguu mbovu hubaki pambo. Mtu huanza na kiti kirefu chenye mikono, kikiwa kimeegemezwa ukutani, na msaidizi akisimama upande uliopooza. Akizoea, kiti hufupishwa. Hufuata kuhamisha uzito huku na huku akiwa amesimama, kupanda ngazi moja, kutembea barazani na baadaye kwenye ardhi isiyo tambarare. Unyayo unaoburuta huweza kushikiliwa na kifaa cha plastiki kinachovaliwa kutoka chini ya goti hadi ndani ya kiatu. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima.

Jaribio la LEAPS, lililochapishwa 2011 nchini Marekani na kuhusisha watu 408, lililinganisha mashine za gharama kubwa za kutembeza mgonjwa akiwa ameningʼinizwa kwa mikanda na mazoezi ya nguvu na mizani yaliyofanywa nyumbani chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja mashine hazikuonyesha ubora wowote. La maana zaidi, walioanza kutumia mashine hizo miezi sita baada ya kiharusi nao waliendelea mbele. Kauli inayosikika sana wodini, kwamba kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi tena, haina msingi wa kutosha. Kasi ya nafuu hupungua, ndiyo, lakini mlango haufungwi kwa tarehe.

Mkono ni mgumu kuliko mguu. Mguu unahitaji nguvu na mizani ili ubebe mwili. Mkono unahitaji ustadi wa vidole, na mtu anaweza kuishi kwa mkono mmoja, kwa hiyo ule mbovu husahauliwa mapema. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Taub aliona kwamba baadhi ya mikono haitumiki kwa sababu mwenyewe amezoea kutoitumia, ingawa ina uwezo kiasi. Tiba aliyoibuni ni ya ukali wa aina yake: mkono mzima huvishwa glavu nene muda mwingi wa mchana kwa wiki mbili, na mgonjwa hulazimika kula, kufungua milango na kupanga vitu kwa ule dhaifu. Jaribio la EXCITE la 2006, kwa watu 222 waliokuwa wameugua miezi mitatu hadi tisa nyuma, lilionyesha faida iliyodumu mwaka mzima. Tiba hii haimfai kila mtu. Inahitaji mgonjwa anayeweza angalau kuinua kidogo kiganja na kunyoosha vidole.

Kwa ambaye mkono hausogei kabisa kuna njia ya kioo. Kioo husimamishwa katikati ya kifua, mkono mbovu ukiwa nyuma yake, na mgonjwa hutazama taswira ya mkono mzima ukifumba na kufumbua. Macho huona kana kwamba mikono yote miwili inafanya kazi, na kwa baadhi ya wagonjwa ubongo huitikia. Gharama yake ni kioo tu. Roboti za kufundishia mkono, zinazouzwa kwa bei ya gari, hazijafanya vizuri hivyo: jaribio la RATULS la Uingereza, 2019, kwa watu 770, halikupata kwamba ziliboresha utendaji wa mkono kuliko huduma ya kawaida. Hospitali ya wilaya isiyo na mashine haijanyimwa kitu kikubwa, mradi ina mtaalamu mwenye muda.

Baada ya nguvu kurejea kiasi, swali huwa ni zitatumika wapi. Hiyo ndiyo kazi ya tiba vitendo, fani inayofundishwa KCMC mjini Moshi pamoja na fiziotherapia. Mtaalamu wake haulizi mkono unainuka nyuzi ngapi. Huuliza kama mama anaweza kuchambua mchele, kufunga kanga, kujisafisha chooni. Mavazi yana kanuni yake: wakati wa kuvaa, mkono mbovu hutangulia kuingia, wakati wa kuvua, mkono mzima hutangulia kutoka. Vifungo hubadilishwa na mpira. Sahani huwekewa kitambaa chenye maji chini ili isiteleze. Choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho kikwazo cha nyumba nyingi, hutatuliwa na seremala wa mtaani kwa kutengeneza kiti chenye tundu la kuweka juu ya shimo na gongo la kushikia ukutani. Sufuria nzito ya ugali hushikiliwa na fremu ya waya ili isongwe kwa mkono mmoja. Anayeswali akishindwa kusujudu huswali ameketi, na ruhusa hiyo ya dini inafaa kuelezwa mapema kwa sababu wapo wanaoacha swala kwa aibu.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa wema. Mgonjwa akichukua dakika 20 kuvaa shati, binti humvisha kwa dakika mbili. Akimwaga mchuzi, hulishwa. Adabu ya kumhudumia mzazi inadai hivyo, na majirani wangesema vibaya wakimwona mzee akihangaika na kijiko. Lakini kila kitendo anachofanyiwa ni marudio aliyonyimwa. Utaratibu unaofaa ni kumwacha aanze, kumsaidia pale tu anapokwama, na kuondoa msaada huo kidogo kidogo. Asubuhi moja ya kuvaa, kunawa na kula mwenyewe ina marudio mengi kuliko kipindi cha kliniki.

Matatizo ya usemi ni ya aina mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Katika ya kwanza misuli ya ulimi na midomo imedhoofika, maneno yanatoka mazito kama ya mlevi, lakini mtu anajua anachotaka kusema na anaweza kuandika. Ya pili ni afasia, ambapo lugha yenyewe imeumia. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, «tan», huku akionekana kuelewa mengi. Ubongo wake ulikuwa umeharibika mbele upande wa kushoto. Wengine huwa kinyume chake, husema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana na hawaelewi wanachoambiwa. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi hupata afasia. Afasia si wendawazimu wala utoto. Kumsemesha mtu mzima kama mtoto, au kumjibia mbele ya wageni, humvunja moyo. Kinachosaidia ni sentensi fupi, swali moja kwa wakati, maswali ya ndiyo na hapana, picha, ishara, na subira ya kungoja jibu.

Katika nchi ambazo karibu kila mtu ana lugha mbili au tatu, afasia ina sura ya ziada. Lugha hazirudi sawasawa. Msomi Mfaransa Ribot, katika karne ya 19, alidai kwamba lugha ya kwanza kujifunzwa ndiyo hurudi mapema; daktari Mfaransa Pitres, mwaka 1895, akasema ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wameonekana kufuata kanuni zote mbili na pengine kutofuata hata moja. Kwa hiyo mzee wa Kichaga anayenyamaza akiulizwa kwa Kiswahili hospitalini ajaribiwe kwa Kichaga kabla ya kuandikwa kuwa haelewi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno katika ukanda huu, ingawa Chuo Kikuu cha Muhimbili sasa kinafundisha fani hiyo kwa ngazi ya shahada.

Yapo madhara yasiyoonekana. Aliyeumia upande wa kulia wa ubongo anaweza kuupuuza upande wa kushoto wa dunia: anakula nusu ya sahani, ananyoa nusu ya uso, anagonga mlango kwa bega, na anakana kwamba ana tatizo. Mtu kama huyu husemeshwa na kulishwa kutokea kushoto, taratibu, ili avutwe kuutazama upande huo. Uchovu mzito huwapata wengi hata walio na nguvu za kutosha, na mazoezi hupangwa asubuhi na kupumzika mchana. Wengine hulia au kucheka ghafla bila huzuni wala furaha. Na takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona wakati fulani, ikionekana nje kama uvivu au ukaidi wa kukataa mazoezi. Sonona ina matibabu, na bila kutibiwa hubatilisha kila kitu kingine.

Anayebeba mzigo huu nyumbani kwa kawaida ni mke, binti au mkwe, na mara nyingi huacha biashara yake au shule. Je, akifunzwa vizuri anaweza kuwa mbadala wa mtaalamu? Jaribio la ATTEND, lililofanywa katika hospitali 14 za India kwa wagonjwa 1,250 na kuchapishwa 2017, lilijibu kwamba hapana: familia zilizofunzwa kuendesha utengamao nyumbani hazikupunguza vifo wala utegemezi katika miezi sita. Jibu hilo lilisikitisha, maana lilikuwa tumaini la nchi zenye wataalamu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Familia ni ya lazima, lakini inahitaji mtu wa kurekebisha mazoezi kila hali inapobadilika, na serikali haziwezi kuihamishia kazi yake kwa karatasi ya maelekezo. Mlezi naye huhitaji zamu, usingizi na mtu wa kumpokea.

Juhudi zote hizi hupotea kiharusi cha pili kikija, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Jaribio la PROGRESS la 2001, kwa watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, lilionyesha kwamba kushusha shinikizo la damu kwa dawa hupunguza viharusi vipya kwa zaidi ya robo, hata kwa ambao presha yao haikuwa juu. Tatizo la kawaida ni mgonjwa kuacha vidonge akijisikia vizuri, au vidonge kwisha zahanati. Asipirini huwafaa waliozibwa mshipa. Kwa aliyevujia damu inaweza kudhuru, na tofauti hiyo hujulikana kwa picha ya CT, si kwa kukisia. Chumvi, sigara na kisukari kisichodhibitiwa huingia katika hesabu hiyo hiyo.

Kurudi kazini hutegemea pia kazi yenyewe, si ukubwa wa kiharusi peke yake. Mwalimu mwenye mkono dhaifu anaweza kufundisha. Mwenye afasia, hata ndogo, anaweza kushindwa. Fundi cherehani hurudi kwa mashine ya umeme ikiwa mguu ndio ulioathirika. Dereva aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona hapaswi kushika usukani hata kama anatembea bila fimbo, na hili hupimwa na daktari wa macho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na aliyebaki na ulemavu baada ya kiharusi anahesabiwa humo. Nchini Kenya, aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Usajili huo huanza kwa tathmini ya hospitali, kwa hiyo ripoti za daktari na za mtaalamu wa viungo zinafaa kutunzwa tangu siku ya kutoka wodini.